Nani Atakanyaga Klachi?

4 Februari 1996

Dada yangu, Mama Breki,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na sauti yako ikiwa bado ipo, maana kufundisha watu udereva kutwa nzima huku ukipiga kelele "breki! breki!" si mchezo. Mimi sijambo. Baridi ya huku inanisaka mpaka kwenye mifupa, ila nimerithi koti la kazi la fundi mmoja mnene aliyehama, na humo ndani tungeingia mimi na wewe na nafasi ikabaki. Mwambie Mama nakula vizuri, asianze.

Sasa kaa chini. Umekaa? Dada, nimepata gari la Baba!

Tena nimepata mawili, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Unajua kazi yangu: magari yaliyotumika yakiletwa yadini, mimi ndiye ninayeingia uvunguni kuyakagua kabla hayajapandishwa melini. Juzi yameingia mawili, pacha kabisa. Makubwa, mazito, ya dizeli, yanavuta magurudumu yote manne, na nyuma yana bodi wazi ya kubeba makopo yote ya maziwa ya kule mlimani pamoja na mbwa wa mwenye maziwa. Nimelala chini ya moja nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuchungulia kama nimeumia. Bosi amekubali niuziwe moja kabla ya mnada. Tofauti yao ni hii tu: moja lina gia za mkono, la pili ni otomatiki, linajibadilishia gia lenyewe huku dereva akitazama miti.

Kwangu hakuna cha kuchagua. Baba na otomatiki! Mtu aliyekuwa akiliita gari la mvivu! Si ndiye aliyetufundisha kusikiliza injini kabla hatujajua kusoma? Unakumbuka ndani ya Kobe, lori la Baba, mimi na wewe kwenye kiti cha abiria, tumefumba macho, tunalisikiliza lile lori kuukuu mpaka tuone limechoka, halafu tunapiga kelele, "Badili!" Wewe ulikuwa unachelewa, mimi nawahi, na Baba anatucheka wote. Aliyepatia ndiye aliyepiga honi getini. Sasa kwenye otomatiki tungempigia nani kelele?

Tangu Kobe akatike ekseli mwaka jana na kufia kulekule mlimani, nawaza hili tu. Chama cha wafugaji kilisema njia ya maziwa ni ya Baba tena akipata gari kabla ya Julai. Meli inaondoka mapema Aprili, kwa hiyo niandikie haraka. Na mwambie Baba aongeze hata mstari mmoja kwa mkono wake. Siku hizi barua zote ni zako tu.

Mdogo wako,
Spana


25 Februari 1996

Mdogo wangu Spana,

Marahaba, tena marahaba, na ya tatu nakuwekea akiba! Barua yako nimeisomea palepale nje ya posta, nikapiga ukelele mpaka karani akatoka kuniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna msiba, kuna gari!

Sote hatujambo. Mama anauliza kula vizuri ni kula nini, utaje. Shuleni nina mwanafunzi mmoja nesi, mpole ajabu, ana huruma na kila kiumbe. Jana kasimama katikati ya mzunguko ili kipepeo apite. Kama si pedali zangu za upande wa mwalimu, ile klachi na breki ya pili, tungekuwa bado pale tunapigiwa honi na mji mzima. Baba yupo, anakusalimia sana. Kila asubuhi lori la kukodi la maziwa likipita mbele ya nyumba anamfokea dereva wake kutoka barazani: "Iue! Iue giaboksi ya watu!"

Nilipomsomea habari ya magari mawili aliniambia nirudie ile sehemu ya bodi. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena.

Sasa nisikilize. Chukua otomatiki.

Najua umeshika kichwa. Kishike, lakini chukua otomatiki. Ile njia ya mlimani wakati wa tope unaijua. Ukisimama kwenye mwinuko na mzigo, ukianza kuhangaika na klachi gari linazima au linarudi nyuma. Otomatiki unakanyaga mafuta tu, linapanda. Klachi haiungui kwa sababu haipo. Makopo hayarukiruki kila unapobadili gia, maziwa yanafika yakiwa maziwa, hayajawa siagi. Mimi ni mwalimu, nimeona klachi ngapi zikifia mikononi mwa watu. Miguuni, samahani. Otomatiki, Spana, na usinibishie.

Baba hakuongeza mstari. Mama kaikalia miwani yake.

Dada yako


17 Machi 1996

Dada,

Shikamoo. Hivi ni wewe kweli uliyeandika, au nesi wako alikushikia kalamu? Nimeisoma barua mara mbili nikaenda kumwonyesha bosi ambaye hata lugha yetu haijui. Nilitaka tu mtu aone uso wangu. Mwambie Mama nakula viazi, mayai na supu.

Haya, tubishane. Kupanda nakubali, otomatiki linapanda. Lakini maziwa hayapandi mlima, Dada, yanashuka! Mzigo mgongoni, tope mbele, hapo unatia namba mbili na injini yenyewe inalishika gari, breki unaziacha zipumzike. Otomatiki hili halikushiki hivyo. Utakanyaga breki mpaka zinuke. Halafu likipanda polepole juani, mafuta ya giaboksi yanachemka. Likiharibika, nani huko atalifungua? Yule fundi wetu wa kona akiiona giaboksi ya otomatiki atavua kofia aanze kuomba dua. Na betri ikifa? Lenye gia za mkono tunalisukuma linawaka. Otomatiki utalisukuma mpaka mji wa pili, bado kimya.

Nimeyaendesha yote mawili uwanjani. Sisemi uongo, otomatiki ni tamu. Laini, hujui hata limebadili saa ngapi. Lakini nilipoingiza namba tatu kwenye lile jingine, nikaisikia ikikaa mahali pake, machozi yalinilengalenga. Nilimwona Baba. Nilimwona kabisa, kiwiko dirishani.

Kuna jambo moja limenikaa rohoni. Asubuhi saa za maziwa, Baba anafanya nini barazani? Baba ninayemjua saa hizo yuko gereji, anamfundisha fundi kazi yake mwenyewe. Na miwani nilimtumia mbili. Mama kazikalia zote? Kama kuna kitu niambie, mimi si mtoto.

Nasubiri jibu lako, lakini meli hainisubiri mimi.

Spana


3 Aprili 1996

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima. Mama anauliza supu ya nini. Nesi amefaulu alama za barabarani, sasa imebaki barabara yenyewe.

Yote uliyosema ni kweli. Kushuka, kuchemka, fundi wa kona, betri. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa mia kwa mia. Bado nakuomba otomatiki, na safari hii sikupi sababu. Mimi ni mkubwa wako na sijawahi kukuomba kitu bila kukueleza. Hiki kimoja nipe hivihivi.

Kuhusu baraza, pale pana upepo mzuri.

Dada yako anayekupenda


5 Aprili 1996

Dada! Dada! Shikamoo!

Jibu lako halijafika na meli ilikuwa inafunga milango, basi nimeamua mwenyewe. Gia za mkono!

Limekwenda! Nimeliendesha kwa mikono yangu mpaka ndani ya tumbo la meli, nikafunga minyororo, nikalipiga kofi begani nikaliambia, "Ukafike salama, ukimkuta Mzee umwamkie." Mabaharia walinicheka. Wacheke! Nilikuwa nimevaa lile koti la yule mnene, upepo umelijaza, nusura nipeperuke kwa furaha. Lile otomatiki kalichukua mkulima mmoja jana yake, kwa hiyo hata ukinuna sasa hakuna la kurudisha.

Nimebadilisha mafuta yote, nimeweka mikanda mipya, na chini ya kiti nimeficha spea. Mwambie Baba klachi yake ni ya kazi, nzito kidogo, si ya kupapasa. Aanze kuunyoosha ule mguu wa kushoto! Hapa yadini nimewaambia wote kwamba hakuna klachi iliyowahi kumshinda baba yangu.

Najua utaninunia. Ninunie mpaka siku utakapomwona Mzee kapanda, kafunga mlango, kakanyaga, kaingiza namba moja. Hapo utanisamehe bila kuombwa.

Spana, mwenye furaha kuliko watu wote wa bandari hii


30 Aprili 1996

Spana, mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma mezani kwa sauti, kama kawaida yetu. Tulikuwa tunacheka, Mama anafuta macho kwa habari ya koti lako. Nikafika pale pa mguu wa kushoto, nikashindwa kuendelea. Mama akainuka kwenda kukoroga sufuria tupu. Baba akasema, "Mwambie."

Basi nakwambia. Siku ile Kobe alipokatika ekseli, Baba hakutoka mzima. Aliruka, na lori likamlalia mguu wa kushoto. Mfupa umeunga lakini goti limekaza, halikunji, na daktari amesema halitakunja tena. Anatembea kwa fimbo. Mikono yake mizima, macho mazima, mguu wa kulia mzima kabisa. Klachi tu, Spana. Ni klachi tu ambayo hawezi.

Alituapisha mimi na Mama. Alijua ukisikia utaacha kazi urudi kesho yake, na ungerudi kweli, usikatae. Miwani haijakaliwa na mtu. Baba hataki kuandika kwa sababu anasema akishika kalamu tu atakueleza yote. Kudanganya kwa mdomo anaweza, kwa maandishi hawezi.

Ndiyo maana nilitaka otomatiki. Nawe ungemwona, mdogo wangu! Tangu uandike kwamba yapo mawili, kila jioni alikuwa anakaa kwenye kiti chake, mguu wa kulia unakanyaga mafuta hewani, akidhani hatumwoni. Mwaka mzima hakuwa ameimba, akaanza kuimba akioga.

Usijilaumu. Ulichagua kama yeye alivyotufundisha, na yeye mwenyewe kasema hivyo. Lakini sijui tutafanya nini, na jana kwenye kiti chake alikaa tu.

Dada yako


22 Mei 1996

Dada, shikamoo.

Nimekasirika. Nimewakasirikia nyote watatu, halafu nikajikasirikia mwenyewe, halafu nikaingia ndani ya gari moja la mnada nikalia mpaka bosi akagonga kioo. Mwaka mzima! Mwaka mzima mnaniandikia habari za vipepeo!

Aanze kuunyoosha mguu wa kushoto. Mimi ndiye niliyeandika hivyo. Nikikumbuka natamani kuutafuna mkono wangu.

Likifika liuzeni, mtafute otomatiki hukohuko. Au nitafute giaboksi ya otomatiki nije kuifunga mwenyewe, ila hapo Julai itakuwa imepita na njia ya maziwa imekwenda kwa yule muuaji wa giaboksi. Nifanyeje? Wewe ndiye mkubwa, niambie. Unaweza kuliendesha wewe, najua, na utaliendesha kuliko wanaume wote wa mji huo. Lakini Baba akae pembeni kama mzigo? Dada, Baba kwenye kiti cha abiria sitaki hata kumfikiria.

Spana


19 Juni 1996

Spana! Spana! Marahaba! Sasa ni zamu yako kukaa chini! Umekaa? Kaa vizuri!

Gari limefika. Nimelitoa bandarini mwenyewe, nikalileta mpaka mlangoni, na jirani zetu wote wakatoka kama kuna harusi. Baba akatoka na fimbo yake. Akalizunguka polepole, akagonga bodi, akachungulia matairi, akanusa injini. Halafu akanipa fimbo nimshikie, akashika mlango, akajivuta akapanda. Upande wa dereva. Akaunyoosha ule mguu, akafunga mlango, akakaa.

Akakaa, akakaa. Mama akampelekea chai humohumo. Mimi nimesimama chini na fimbo mkononi kama askari wa mlangoni, maana nani atamwambia ateremke? Ndipo akashusha kioo. "Hebu nikuulize, mwalimu. Yule nesi wako akisahau klachi, wewe huwa unafanyaje?"

Nikamjibu, "Nakanyaga ya kwangu."

"Eeh," akasema, akanywa chai.

Spana, nilijiona mjinga na nilitaka kuruka kwa pamoja! Maisha yangu yote ya kazi ninakaa kushoto nikikanyaga klachi kwa ajili ya mtu mwingine! Nyuma ya shule yetu kuna lori la kufundishia lililokufa, pedali za mwalimu bado zimo. Mkuu wa shule akasema chukua. Fundi wa kona, yule wako wa kuvua kofia, hakuomba dua yoyote. Kalala chini ya gari siku mbili akipiga mluzi, akaunganisha pedali ya upande wangu na ile ya Baba kwa chuma kinene kama mkono wake. Mkaguzi wa magari alikuja, akakanyaga, akacheka, akatia sahihi.

Sasa usidhani ilikuwa rahisi. Siku ya kwanza uwanjani ilikuwa aibu tupu. Mimi namtazama mkono, nikiuona unashika gia ndipo nakanyaga, nimeshachelewa, gia zinalia mpaka meno yanauma. Na Baba, mzazi wangu mwenyewe, mbele ya wanafunzi wangu wote: "Iue! Iue giaboksi ya watu!" Nesi akaniletea maji. Nilitaka kulia.

Halafu nikafumba macho. Abiria anaruhusiwa, siyo? Nikaacha kumtazama, nikaisikiliza injini. Ikapanda, ikapanda, ikaanza kuchoka. Mdomo wenyewe ukasema, "Badili!" na mguu ukakanyaga, na gia ikaingia, taratibu, ikakaa mahali pake kama ulivyosema. Nikafumbua macho. Baba alikuwa anatazama mbele, kiwiko dirishani, mashavu yake yote maji.

Jumatatu tumeshusha maziwa. Mimi na yeye, alfajiri, kabla sijaingia kazini. Kupanda tulipanda, tope mpaka kwenye vioo, nikakanyaga mpaka paja likatetemeka, maana klachi yako kweli ni nzito, mshenzi wewe! Na kule juu kwenye mteremko mkubwa, mzigo mgongoni, Baba akatia namba mbili. Injini ikatushika, Spana. Hakugusa breki mpaka daraja la chini. Akanitazama akasema, "Mdogo wako alisema kweli," nami nikakubali, ingawa imeniuma. Mwenyekiti wa wafugaji alikuwa anasubiri penye mizani. Akaangalia makopo, akamwangalia Baba, akatuangalia miguu yetu, akasema njia ni yetu kuanzia leo.

Baba kaandika mwenyewe. Nakuwekea karatasi yake kama ilivyo, sikubadili neno. Mama anauliza, supu ya nini?

Dada yako, Mama Klachi


Mwanangu,

Gari zuri. Namba mbili inashika. Miwani ninayo, zote mbili.

Goti nilikuficha, usinisumbue nalo, limekwisha. Kuhusu kuchagua, hukukosea. Otomatiki ningeendesha peke yangu.

Dada yako anafanya kazi lakini bado anachelewa, hasa namba tatu. Wewe ulikuwa unawahi. Kiti cha mbele kinaenea watu watatu. Tukifika getini sipigi honi, kwa sababu bado hakuna aliyepatia. Omba likizo uje.

Baba yako